Wageni Wakishaondoka

Dereva aliyenichukua uwanja wa ndege wa Cape Town alikuwa Mkongomani wa Bukavu, na aliposikia natokea Arusha alizima redio. “Arusha? Aa, papa! Kule ndiko mulimukamata ule mufu!” Akacheka peke yake hadi kwenye mataa ya kwanza.

Mfu aliyemsema ni Thabo Bester, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2012. Mei 2022 moto ulizuka ndani ya selo yake katika gereza la Mangaung, mjini Bloemfontein, gereza lililokuwa likiendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba wa serikali. Ikatangazwa kwamba amejiua kwa kujichoma. Maiti ndani ya selo ilikuwapo kweli, ila haikuwa yake. Mwenyewe alikuwa ameshatoka na anaendelea na maisha. Aprili 2023 polisi wa Tanzania wakamtia mbaroni Arusha. Sisi wenyeji tuliishika hadithi hiyo kwa mkia: tulisikia mtu amekamatwa, tukasikia amepandishwa ndege kurudishwa kwao, tukabaki kuulizana alilala hoteli gani.

Kichwa cha hadithi ni karatasi. Sheria ya magereza ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inamtaka mkuu wa gereza aripoti kila kifo cha mfungwa kwa Jaji Mkaguzi, ambaye ni jaji, mara nyingi mstaafu, mwenye ofisi yake nje ya safu ya askari magereza. Uchunguzi wa maiti ile ulipoonyesha kwamba marehemu alikuwa ameshakufa kabla moto haujawaka, wapo waliokataa kufunga jalada, ofisi ya Jaji Mkaguzi ikiwa miongoni mwao. Novemba 2022 gazeti la mtandaoni la GroundUp lilianza kuandika habari hiyo, na Machi 2023 mamlaka zikakubali hadharani kwamba Bester yu hai.

Dereva wangu hakuwa na haja na karatasi. Alitaka kujua kama Bester alikula nyama choma akiwa kwetu. Nikamwambia Arusha hakuna anayeondoka bila kula nyama choma, akaridhika.

Mimi ile karatasi ndiyo iliyonikaa kichwani. Kazi iliyonipeleka Cape Town iliisha katikati ya wiki na ndege yangu ilikuwa Jumapili, kwa hiyo nikaamua muda uliobaki nisiumalizie kwenye mashamba ya mizabibu. Nilitaka kuona katika nchi ile macho ya mtu wa nje yaliingiaje gerezani, zamani na sasa. Kwa zamani kuna kisiwa cha Robben. Kwa sasa kuna Pollsmoor.

Boti ya Robben inaondokea bandarini, V&A Waterfront, kwenye jengo lililopewa jina la Mandela, katikati ya maduka ya vito na harufu ya samaki wa kukaanga. Tulikuwa wengi: Wajerumani wenye kofia pana, shule nzima ya wasichana kutoka Gauteng, na familia ya Kihindi iliyokuja na chupa za chai. Bahari ya kule si ya Kigamboni. Ni ya baridi, ina mawimbi mazito, na nusu ya abiria walinyamaza kabla hatujafika. Sisi Tanzania tukisikia kisiwa cha gereza tunafikiria Changuu, ambako jengo lilijengwa miaka ya 1890 liwe gereza, likaishia kuwa karantini, na leo watu huenda kulisha kobe. Robben hakikuishia kwenye nia. Kilishika wafungwa kwa karne nyingi, wakiwemo mashehe na wakuu waliohamishwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia. Kaburi la mmoja wao lina kuba ya kijani karibu na ukuta wa gereza. Wafungwa wa kisiasa wa mwisho waliondoka mwaka 1991, wa kawaida mwaka 1996, na mwaka uliofuata pakawa jumba la makumbusho.

Basi linakuzungusha kwanza. Lilisimama mbele ya nyumba ndogo aliyowekwa Robert Sobukwe, kiongozi wa chama cha PAC. Alimaliza kifungo chake cha miaka mitatu mwaka 1963, na Bunge likatunga kifungu cha kumruhusu waziri aendelee kumshikilia, kikihuishwa mwaka hadi mwaka. Alikaa pale hadi 1969, si mfungwa wala mtu huru, akiwa amekatazwa kuongea na wafungwa wengine. Kiongozi wetu wa basi alisimulia kwamba walipopita wakienda kazini, Sobukwe aliinama akateka udongo, akauacha udondoke taratibu kati ya vidole. Ndiyo salamu waliyoweza kupeana. Kisha tukapelekwa kwenye machimbo ya chokaa, meupe kiasi kwamba hata kwa miwani nilikunja uso. Mandela na wenzake walichimba hapo kwa miaka, na walipoomba miwani ya jua walikataliwa kwa muda mrefu. Macho yake hayakupona sawasawa.

Ndani ya gereza anakupokea mtu aliyewahi kufungwa humo. Wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta ya rangi ya majivu, aliyeletwa kisiwani miaka ya 1980. Alituketisha kwenye mabenchi ya selo ya watu wengi, akasubiri wasichana wanyamaze, akaelekeza kidole kwenye ubao wa chakula. Ubao huo ni nakala kubwa ya orodha ya mgawo. Safu moja ni ya machotara na Wahindi, nyingine ya Waafrika. Safu ya kwanza ina mkate na jemu. Ya pili haina mkate wala jemu, na kwenye nyama imekatwa aunsi moja. Nilisimama mbele ya ubao huo kuliko mahali pengine popote. Kuna mtu aliyeketi ofisini na mizani, akapima ubaguzi kwa aunsi, akaupigia mhuri.

Mandela amesimulia kwamba walipolalamika kuhusu mkate, mjumbe mmoja wa mapema wa Msalaba Mwekundu aliwajibu kuwa mahindi ni bora kwa meno kuliko mkate. Wajumbe waliokuja baadaye walikuwa watu wa namna nyingine, na walipigania mengi. Lakini jibu lile la meno lilinichekesha, kisha likanikera. Mgeni alikuwa amefika, ameingia, ameuliza, ameandika. Kwa hesabu za ofisini ukaguzi umefanyika.

Uani, kwenye sehemu B, kuna picha kubwa ya mwaka 1964. Wafungwa wameketi chini kwa mistari, na kuna wanaoshona nguo. Siku hiyo alikuwa anakuja mwandishi wa gazeti la Uingereza pamoja na mpiga picha. Asubuhi, badala ya nyundo za kuvunjia kokoto, waliletewa nguo kuukuu na sindano. Wageni wakapiga picha, wakaenda zao, nyundo zikarudi. Picha ikasafiri hadi London na kuonyesha gereza ambalo kazi yake ni ufundi cherehani bila cherehani.

Nilipokuwa naitazama nilimkumbuka marehemu baba yangu mdogo, aliyekuwa askari magereza katika mkoa mmoja wa kaskazini. Alikuwa akituambia kwamba ujio wa mgeni hunusika mapema. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa. Wagonjwa wote wanapelekwa hospitali ya wilaya kwa mkupuo, utadhani homa iliwaingia usiku mmoja. Maharage yanaungwa kwa kitunguu. Wafungwa, alisema, walikadiria cheo cha mgeni kwa chungu: kitunguu peke yake, mkuu wa wilaya, kitunguu na nyama, jaji au waziri. Na manyampara walikuwa na kazi moja ya ziada, kuwapanga watu mstari wa mbele. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa kwamba nyumba husafishwa mgeni akija, na gereza ni nyumba ya serikali.

Mambo yalivyokuwa Afrika Kusini, hata kuandika tu ilikuwa hatari. Sheria ya magereza ya mwaka 1959 iliharamisha kuchapisha habari za uongo kuhusu magereza, na mzigo wa kuthibitisha kwamba alifanya juhudi za kutosha kupata ukweli ukawekwa juu ya aliyeandika. Gazeti la Rand Daily Mail lilijaribu mwaka 1965, kwa ushahidi wa Harold Strachan aliyekuwa ametoka kifungoni. Strachan akarudishwa jela. Mhariri Laurence Gandar na mwandishi Benjamin Pogrund wakaburutwa mahakamani hadi wakatiwa hatiani mwaka 1969. Baada ya hapo magazeti mengi yaliona magereza ni habari isiyowahusu.

Ndiyo maana mzee wetu alipofika kwenye jina la Helen Suzman alibadilisha sauti. Kwa miaka 13, kuanzia 1961, mama huyo alikuwa mbunge pekee wa chama chake katika Bunge la watu weupe. Mwaka 1967 alifika Robben. Aliposimama kwenye selo ya kwanza na kuuliza habari, Eddie Daniels alimwambia asipoteze muda, aende mwisho wa korido amwone Mandela. Akaenda. Mandela akamweleza yote, huku mkuu wa magereza wa nchi na mkuu wa kisiwa wamesimama pale pale: chakula, kazi, vitabu, na askari mmoja mwenye chale ya swastika mwilini aliyekuwa akiwatesa machimboni. Suzman alilibeba jambo hilo hadi kwa wakubwa, na haukupita muda askari yule akahamishwa.

Kisa cha majaji ni kizito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kilipata mkuu mpya, Kanali Piet Badenhorst, na vipigo vikaongezeka. Wakaja majaji watatu, Jan Steyn, M. E. Theron na Michael Corbett. Walimuuliza Mandela kama angependa kuongea nao faraghani. Akasema hapana, kanali abaki asikie mwenyewe apate kujibu. Akaanza kusimulia jinsi wafungwa wa sehemu nyingine walivyopigwa. Badenhorst akamkatiza kumuuliza kama aliyaona kwa macho yake. Mandela akasema hakuyaona ila anawaamini waliomwambia. Hapo kanali akamnyooshea kidole na kumwonya kwamba akisema asiyoyaona atajitia matatani. Mandela akawageukia majaji. Kama anatishwa mbele yao, akawaambia, wajipimie yatakayokuwa wakishaondoka. Corbett akawaambia wenzake kwamba mfungwa ana haki kusema hivyo. Miezi michache baadaye kanali aliondolewa kisiwani. Corbett alikuja kuwa Jaji Mkuu, na mwaka 1994 ndiye aliyemwapisha Mandela kuwa Rais.

Wageni wengi husimuliana kisa hiki kwa ajili ya ule mwisho wake mzuri. Mimi kilinikwamisha mahali pengine. Mandela aliweza kukataa faragha kwa kuwa alikuwa Mandela. Dunia ilikuwa inajua anapolala. Wale waliopigwa majina yao hatuyajui. Wao wangeyasema hayo mbele ya kanali, kisha wafunguliwe mlango na nani?

Tulipofika kwenye selo yake foleni ilikuwa ndefu, kila mtu na simu yake. Nikabaki nyuma na mzee wa sweta, nikamuuliza jioni baada ya wageni kuondoka mambo yalikuwaje. Hakujibu haraka. Alisema yalitegemea umesema nini, na nani alikuwa karibu wakati unasema. Ukisema chakula kibaya, hakuna neno. Ukitaja jina la askari, kuna kupekuliwa usiku, barua inachelewa, mkeo anasafiri siku mbili kutoka Transkei anafika anaambiwa ziara imefutwa. “Hawakugusi,” alisema. “Wanagusa vitu vyako.”

Pollsmoor iko Tokai, kusini mwa jiji, chini ya milima, na huwezi kuikosa kwa kuwa majirani zake ni shamba la mizabibu na uwanja wa gofu. Mandela alihamishiwa hapo mwaka 1982. Nilishuka barabara ya Steenberg siku ya kutembelea wafungwa. Kina mama walikuwa wameshika mifuko ya plastiki inayoonyesha kilichomo, watoto wamevaa nguo za sikukuu, na kijana mmoja alikuwa anauza sigara mojamoja. Sikuomba kuingia. Mwandishi wa kigeni anayeingizwa kwa hisani ya ofisi ya uhusiano anaonyeshwa bustani ya mboga, nami bustani za mboga nimeziona nyingi.

Jirani na hapo, Muizenberg, rafiki yangu mwandishi alikuwa amenikutanisha na mama aliyewahi kuwa mtembeleaji huru wa magereza. Kwenye vitongoji vya Cape Flats mwanamke wa umri wake huitwa Anti, nami nikamwita hivyo. Tuliketi kwenye mgahawa wa pembeni ya stesheni, upepo unagonga vioo. Kazi hiyo, alinieleza, iko ndani ya sheria ile ile ya 1998. Ofisi ya Jaji Mkaguzi inawateua raia wa kawaida kwa mkataba wa muda maalumu: walimu wastaafu, wauguzi, watu wa kanisa na msikiti. Wanaingia gerezani mara kwa mara, wanaongea na wafungwa bila askari kusikia, wanafuatilia malalamiko na mkuu wa gereza, na yanayoshindikana wanayapeleka juu. Mbali na vifo, mkuu wa gereza anatakiwa kumwarifu Jaji Mkaguzi kila mfungwa anapotengwa peke yake, kila vifaa fulani vya kumdhibiti vinapotumika, na kila askari wanapotumia nguvu. Majaji na mahakimu nao wanaruhusiwa na sheria kuingia saa yoyote.

Nilimwomba aache sheria, anieleze asubuhi yake. Akasogeza kikombe.

Langoni, alisema, watakuambia subiri, mkuu yuko kikaoni. Unasubiri kidogo kwa adabu, kisha unakumbusha kwamba kadi yako haiombi ruhusa. Ukishaingia hupokei mfungwa unayeletewa. Unakwenda mwisho wa korido uanze huko urudi, kwa sababu selo za karibu na lango ndimo wanamowekwa wanaojua kusema asante. Nikamwambia hayo ndiyo Daniels aliyomwambia Suzman mwaka 1967. Akacheka, alikuwa anakijua kisa hicho, ila yeye alifundishwa na mfungwa wa wizi wa magari.

Halafu unaongea na wengi. Hata kama unamtaka mmoja tu, unaita kumi, na kila mmoja unampa dakika zile zile, na wengine mnaongea mpira. Ukitoka, hakuna askari anayejua nani kati ya kumi alisema. Askari anaruhusiwa kukuona kupitia kioo, ila asikusikie. Maswali yanaanza mbali: jana ulikula saa ngapi? Swali hilo peke yake linafungua mengi, maana katika magereza mengi ya kule chakula cha jioni hutolewa alasiri ili zamu ya mchana iwahi kuondoka, na mtu anafungiwa na vipande vyake vya mkate hadi asubuhi. Selo yenye watu wengi, mkate wa jioni ni sarafu. Unanunua nafasi ya kulala, unanunua kutopigwa.

Kisha ni rejista ya malalamiko. Hapa alinichorea kwa kidole juu ya meza. Kila mfungwa ana haki ya kulalamika kila siku, na lalamiko linaandikwa kwenye kitabu: jina, tarehe, lalamiko, hatua iliyochukuliwa, sahihi. Siku ya kwanza alipopewa kitabu hicho katika gereza moja alikiona safi mno. Majuma kadhaa ya malalamiko, mwandiko mmoja, wino wa rangi moja, hakuna ukurasa wenye doa la mafuta wala kona iliyokunjika, na safu ya mwisho kila mstari umeandikwa “limeshughulikiwa”. Akamuuliza ofisa wa zamu kama Jumapili naye huwa kazini. Huwa sipo, akajibu yule bwana, halafu akaangalia mwandiko wake kwenye tarehe ya Jumapili. Anti hakuandika ripoti kali. Aliomba tu rejista zilizotangulia, na tangu siku hiyo kitabu kikaanza kuchafuka kama kitabu cha kweli.

Hilo la wino lilinifundisha kuliko azimio lolote. Na maazimio yapo. Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni zinazoitwa kwa jina la Mandela, zinazotaka kila nchi iwe na ukaguzi wa aina mbili, wa idara yenyewe na wa chombo cha nje kisichoitegemea idara hiyo, kinachochagua chenyewe gereza la kwenda, kinachoweza kufika bila taarifa, na kinachoongea na mfungwa kwa siri. Ukisoma orodha hiyo baada ya kutoka Robben, kila kipengele unakijua kimetoka kwenye selo gani.

Anti hakunificha upungufu. Jaji Mkaguzi anapendekeza, haamuru. Fedha za ofisi yake zilikuwa zinapitia idara ile ile anayoikagua, na mkurugenzi wake akikosea, idara hiyo ndiyo yenye neno. Shirika la Sonke Gender Justice lilikwenda mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba mpangilio huo hauupi ukaguzi uhuru unaostahili, ikalipa Bunge miaka miwili kurekebisha. Miaka miwili iliisha Bunge likiwa bado. Magereza ya nchi hiyo ni zaidi ya 240, na wafungwa na mahabusu wake wote wanazidi 150,000.

Pollsmoor yenyewe ni ushahidi wa kile ukaguzi unachoweza na usichoweza. Mwaka 2015 Edwin Cameron, wakati huo jaji wa Mahakama ya Katiba, aliingia humo na kuandika ripoti juu ya msongamano, chawa, matandiko yasiyofuliwa na watu wanaoshiriki kitanda kimoja. Ripoti hiyo ilisomwa kote, kesi ikafunguliwa, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Western Cape ikaamuru sehemu ya mahabusu ipunguzwe hadi asilimia 150 ya uwezo wake. Nilimwomba Anti arudie namba hiyo. Asilimia 150, watu watatu penye nafasi ya wawili, na huo ulikuwa ushindi. Zaidi ya miaka miwili kabla ya ziara ya Cameron, mahakama ya juu ilikuwa imeamua kesi ya Dudley Lee, mahabusu aliyekaa Pollsmoor zaidi ya miaka minne, akaambukizwa kifua kikuu humo, kisha akaachiwa huru bila hatia. Serikali iliwajibishwa kwa ugonjwa wake. Baadaye Cameron aliyeandika ripoti akawa Jaji Mkaguzi mwenyewe, na ni wakati wake suala la Bester lilipofukuka.

Akaniuliza kwetu ikoje. Nikamwambia tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na ina mamlaka ya kuingia magerezani. Tuna majaji wanaotembelea mahabusu, na picha zao magazetini wakiwa wamesimama na maofisa kwenye ngazi. Ila hadi naandika haya Tanzania haijaridhia Mkataba dhidi ya Utesaji wa mwaka 1984, achilia mbali itifaki yake ya 2002 inayoruhusu wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kuingia, na ninavyoona hatuna sababu ya kuendelea kusita. Anti alinyanyua bega. Kutia sahihi, alisema, ni lango tu. Nikakumbuka Rwanda: ilijiunga na itifaki mwaka 2015, na Oktoba 2017 wakaguzi walipokwenda walisitisha ziara katikati, wakilalamika kwamba wamezuiwa na kwamba wanahofia yatakayowapata waliozungumza nao. Mwaka uliofuata wakaifuta kabisa. Walichokihofia ni kile kile alichokisema mzee wa sweta kule kisiwani, usiku unaofuata ziara. Kwa hiyo nikamuuliza Anti yeye aliupimaje usiku huo, maana saa kumi jioni alikuwa nyumbani kwake akipika.

“Nilirudi,” akasema. Akaeleza zaidi: kila aliyemsemesha alimwandika kwenye daftari lake kwa alama anayoijua mwenyewe, na ziara iliyofuata aliwaita tena, wote kumi, pamoja na wale wa mpira. Kama mmoja amehamishwa gereza, alitaka kuiona barua ya uhamisho na tarehe yake. Kama mmoja yuko kwenye selo ya kutengwa, aliuliza kama Jaji Mkaguzi ameshaarifiwa. Kama mmoja amenyamaza, wakati mara ya kwanza alikuwa msemaji, alimwacha anyamaze na akarudi tena.

Kulikuwa na mzee mmoja, alisema, aliyekuwa na madai mawili tu: blanketi la pili, na kuhamishiwa mji wa George karibu na binti yake. Kila ziara alikuwa wa tisa au wa kumi kuitwa, na kila ziara alianza kwa kuuliza kama Anti amekuja na gari au treni. Blanketi alilipata msimu wa baridi wa kwanza. La George, hadi mkataba wa Anti unaisha, alikuwa bado analiandika upya kwenye rejista, na mtembeleaji aliyefuata alikabidhiwa alama yake.

Treni ya kurudi mjini ilichelewa, tukaagiza chai nyingine.